Uzito wa Risasi na Ulinzi wa Mazao: Kwa Nini Kazi Hii Haifanyiki Nyumbani

Mahindi yanapoanza kubeba, familia nyingi za Handeni na Korogwe huhamishia makazi yao shambani. Mchana hufukuzwa ngedere na nyani. Usiku huja nguruwe pori na nungu, na katika vijiji vilivyo kwenye mapito ya tembo, tembo nao hufika. Watoto hukaa kwenye madungu saa ambazo wenzao wapo darasani, na wazazi hukesha wakipiga madebe. Kwa kaya ambayo ekari mbili ndizo chakula chake cha mwaka mzima, usiku mmoja wa nguruwe pori unatosha kuvuruga hesabu yote.

Katika hali hiyo ndipo wapo wanaoshawishika kutafuta gobole, kulishindilia baruti na kulitia kipande cha chuma kizito kadiri kitakavyoingia, kwa imani kwamba kitu kizito ndicho kinachoangusha mnyama. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Makala hii inaeleza kazi ya uzito katika risasi, sababu ya kazi hiyo kutowezekana nyumbani, na njia halali ambazo mkulima anaweza kuzifuata.

Silaha yenye historia ndefu

Bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu si ngeni katika bonde la Pangani. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilizileta kutoka pwani kwa wingi. Semboja, aliyetawala Mazinde, ambayo leo ipo Wilaya ya Korogwe, alipata nguvu kwa kuwa makao yake yalikuwa kwenye njia ya misafara hiyo, ambako bunduki zilipatikana. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, silaha hizo zilichangia kuugawanya ufalme wa Wasambaa. Gobole la leo ni mjukuu wa bunduki hizo, lakini mara nyingi mtutu wake ni bomba ambalo halikutengenezwa kustahimili mlipuko.

Uzito hufanya nini

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa ambacho ndicho kinachoruka. Uzito unaozungumzwa ni wa kichwa hicho. Viwanda huupima kwa greni, na greni 7,000 ni sawa na ratili moja, yaani karibu gramu 454.

Tofauti ya uzito ni kubwa. Kichwa cha kawaida cha risasi ndogo ya kalibri .22 kina greni 40, yaani gramu 2.6. Raifo ya .375, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912, kwa kawaida hurusha kichwa cha greni 300, karibu gramu 19. Ile ya .458, iliyotoka Marekani mwaka 1956, hurusha cha greni 500, zaidi ya gramu 32. Raifo za aina hizi mbili za mwisho zimetumika kwa miaka mingi Afrika Mashariki kukabiliana na tembo, nyati na viboko walioingia katika makazi na mashamba, kwa sababu kichwa kizito hupenya ngozi nene na mifupa bila kupoteza mwelekeo.

Kwa mnyama mdogo hali ni tofauti. Kichwa chepesi chenye kasi huvunjika haraka kikigonga mwili wa mnyama au udongo, na mwendo wake huishia hapo. Kichwa kizito kinaweza kumpita mnyama, au kugonga jiwe na kuruka upande. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kufika mbali zaidi ya kilomita moja, na ya raifo kubwa huvuka kilomita tatu. Katika vijiji ambavyo mashamba yanapakana, umbali huo una dungu la jirani, njia ya wachota maji na nyumba za watu. Kwa hiyo, anayechagua uzito wa risasi huchagua pia kitakachotokea nyuma ya mnyama anayelengwa.

Kwa nini mtutu hupasuka

Baruti inapowaka hugeuka gesi, nayo gesi hutafuta njia ya kutoka. Kichwa chepesi husogea upesi na kuiachia nafasi. Kichwa kizito huchelewa kusogea, na wakati huo gesi huendelea kuongezeka nyuma yake. Ndiyo maana kiwanda kinapoongeza uzito hubadilisha pia aina ya baruti na kupunguza kiasi chake, kisha hupima mgandamizo kwa vyombo maalumu. Mwenye gobole anayeongeza chuma bila kipimo huongeza mgandamizo ndani ya bomba dhaifu. Bomba likishindwa hupasuka mahali lilipo, nalo lipo karibu na mkono wa kushoto na macho ya mpigaji.

Kuna jambo jingine. Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji iliyojipinda, ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke kikiwa kimenyooka. Kichwa kizito huwa kirefu zaidi na huhitaji mifereji iliyojipinda kwa kasi zaidi. Kisipoipata, huyumba hewani na kwenda kusikotarajiwa. Gobole halina mifereji hiyo.

Bunduki inayojipakia yenyewe ina masharti zaidi. Silaha hiyo hutumia nguvu ya mlipuko wa risasi moja kutoa ganda tupu na kuingiza risasi inayofuata. Nguvu ikipungua, ganda hukwama. Ikizidi, vyuma hugongana kwa kishindo, na chumba cha risasi kinaweza kufunguka kabla gesi haijatulia.

Katika nchi kama Marekani, ambako sheria inaruhusu mtu kujipakia risasi, wapo wawindaji wanaochagua vichwa vizito kwa wanyama waharibifu kwa sababu haviyumbishwi sana na upepo. Hata hao hutumia mizani nyepesi mno na majedwali yaliyopimwa maabara kwa kila aina ya baruti, na hawaruhusiwi na jedwali lolote kukisia. Kinachofanyika kwa gobole porini ni kukisia kutupu.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kumiliki silaha bila leseni. Inakataza pia kutengeneza au kukarabati silaha au risasi bila kibali. Gobole lililofichwa darini na risasi zilizopakiwa nyumbani vyote vinaangukia katika makatazo hayo, hata kama mwenye navyo alikusudia kulinda muhogo wake tu.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali. Hata hivyo, tukio hilo ni lazima litolewe taarifa mapema, na mnyama aliyeuawa ni nyara ya Serikali, si kitoweo wala bidhaa. Utetezi huo hauhalalishi silaha isiyo na leseni. Sheria hiyo inakataza pia kuwinda kwa sumu, mitego ya waya na mashimo.

Mkulima afanye nini

Hatua ya kwanza ni taarifa. Wanyama wakionekana, mkulima amjulishe mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ambaye huwasiliana na mtendaji wa kata na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Taarifa nzuri hutaja aina ya mnyama, idadi, saa ya kufika, upande anakotokea na ukubwa wa eneo lililoharibiwa. Maelezo hayo ndiyo yanayomwezesha askari wa wanyamapori kujua aje na silaha gani, au kama silaha inahitajika kabisa.

Hatua ya pili ni kutunza ushahidi. Zipo Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama hatari, kama vile tembo na kiboko. Shamba likaguliwe na wataalamu kabla ya kulimwa upya au mabaki kuondolewa, kwa kuwa anayefuta alama hupunguza nguvu ya madai yake.

Hatua ya tatu ni ulinzi wa pamoja. Kufyeka vichaka kandokando ya mashamba huwanyima nguruwe pori maficho. Zamu za madungu kwa majirani huwaachia watoto nafasi ya kwenda shule. Dhidi ya tembo, kamba zenye vitambaa vilivyopakwa mchanganyiko wa pilipili na oili chafu, pamoja na uzio wa mizinga ya nyuki, vimesaidia katika maeneo mbalimbali ya Afrika Mashariki. Mizinga huongeza na asali.

Mwenye nia ya kumiliki silaha kihalali aanzie katika ofisi ya kijiji au mtaa wake, kisha afuate taratibu za Jeshi la Polisi. Atakayepata leseni atumie risasi za kiwandani zinazolingana na maandishi yaliyopo kwenye silaha yake, bila kuzibadili.

Kwa aliye na gobole, njia salama ni kulisalimisha. Umoja wa Afrika umetenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Tanzania imekwisha kutoa misamaha ya namna hiyo, ukiwamo wa mwaka 2022. Tangazo linapotolewa, wananchi wazingatie tarehe na vituo vilivyotajwa. Silaha iliyoshindiliwa isibebwe wala kufunguliwa na mwenyewe. Polisi wajulishwe kwanza ili waifuate ilipo.

Mahindi yaliyoliwa hupandwa tena msimu unaofuata. Mkono uliokatwa na bomba lililopasuka haurudi, wala mtoto wa jirani aliyekuwa kwenye dungu la ng'ambo.