Usilipe Gesi Kabla Uone Tobo

Ukipitia Kayole, Umoja ama Kariobangi, ni ngumu kukosa ploti yenye friza moja inalisha familia mzima. Kuna mathe anachukua samaki Gikomba asubuhi na mapema, kuna msee wa kuku na matumbo, kuna dem anafunga barafu ya watoi wa shule. Hiyo friza ndio job yao. Siku ikikataa kugandisha, hasara inaingia kabla jua litue: samaki inalegea, maziwa inachacha, na wale wateja wa deni hawajalipa ndio ununue stoki ingine.

Kenye inachanganya wasee ni venye friza yenyewe haizimi. Taa iko, kompresa inanguruma, tokeni zinakulwa, lakini ukiingiza mkono ndani unapata baridi ya maji ya mfereji tu. Hapo jirani anasema "gesi imeisha." Fundi anakuja na kamkebe, anajaza, anashika thao zake, anahepa. Friza inagandisha fiti kwa muda, halafu inarudi pale pale, na wewe unatafuta doh ya kumlipa tena.

Maze, hii stori ya gesi kuisha inakula watu wa mtaa pesa nyingi, na inaniuma. Gesi ya friza haiishangi. Haichomeki kama petroli ya nduthi. Kompresa inaifinya inakuwa moto, kondensa inatoa hilo joto hadi gesi inageuka kimiminika, inapitia draya ya kunyonya unyevu, inaingia kapilari, ile paipu nyembamba ya kopa, halafu inafika kwa evapereta inachemka ikivuta joto yote ya samaki yako. Ikimaliza hapo inarudi kwa kompresa, inaanza tena. Njia yote imefungwa. Kuna friza zimepiga miaka 15 na zaidi na gesi ile ile ya kiwandani. Kwa hivyo kama gesi imepungua, kuna mahali imetobolewa, na mwenye anakuuzia gesi bila kukuonyesha hiyo tobo anakuuzia nusu ya kazi.

Lakini usikimbilie tobo kabla ucheki zile vitu za bei rahisi. Kompresa ikikaa kimya, ama ikijaribu kuwaka inatoa "tik" halafu inanyamaza, baada ya dakika kadhaa "tik" tena, hiyo mara nyingi ni rile, ama stima iko chini, ama kompresa yenyewe imechapa. Weka noti ya soo kwa mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa, gaskiti imelegea na joto inaingia mchana na usiku. Kama kondensa yako iko nje hapo nyuma, cheki vumbi. Cheki pia themostati isiwe imezungushwa chini na mtoi. Na kama barafu imejenga ukuta mnene ndani, zima friza, iache iyeyuke yote, halafu iwashe ikiwa tupu. Wasee wameokoa doh mob kwa hizo tu.

Ikiwa hizo zote ziko sawa, sasa tuongee tobo.

Ishara ya kwanza ni kompresa isiyopumzika. Friza mzima inafaa ifike karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, themostati iikate, ipumzike, iendelee. Yenye imepoteza gesi haifiki hapo, kwa hivyo inalia saa 24. Unaanza kuskia ngori kwa tokeni kabla ata nyama ilegee.

Ya pili iko kwa mkono wako. Friza nyingi za sanduku zina kondensa imefichwa ndani ya ukuta wa pembeni, ndio maana ukuta wa nje unakuwanga na joto. Watu huogopa hilo joto, na kumbe ndio dalili ya afya: ni joto ya chakula yako inatolewa nje. Kama friza imelia saa nzima na ukuta ni baridi kama wa kabati, hakuna gesi ya kutosha kubeba joto. Kuwa makini hapa lakini. Kwa friza za gesi ya R600a, yenye naieleza hapo chini, upande wa kunyonya, ule unarudisha gesi kwa kompresa, unafanya kazi chini ya presha ya hewa ya kawaida. Tobo ikiwa upande huo, friza ikiwaka inavuta hewa na unyevu ndani, na kondensa inaweza kuwa moto kuliko kawaida. Kwa hivyo mkono pekee haujamaliza kesi.

Ya tatu ndio naipenda zaidi, juu haihitaji kifaa chochote. Toa kila kitu, yeyusha barafu, panguza, washa friza ikiwa tupu na uangalie barafu inaanza kushika wapi. Friza yenye gesi kamili inashika kuta zote karibu sawasawa. Yenye gesi imepungua inashika kona moja ama kamstari kamoja, pale gesi inaingilia, na kwingine kote kunabaki na jasho tu. Gesi kidogo yenye imebaki inachemka yote mwanzoni mwa njia, ikifika mbele haina kitu ya kutoa. Piga hiyo barafu picha, umwonyeshe fundi. Hiyo picha itamsaidia kuliko maneno yako yote.

Ya nne ni mafuta. Gesi inasafiri na mafuta ya kompresa, kwa hivyo penye inatokea huachanga doa lenye unyevu linaloshika vumbi. Mulika torchi ya simu hapo nyuma chini, kwa jointi za draya na paipu zinazoingia kompresa. Doa jeusi la mafuta kwa jointi ni ushahidi mkubwa sana.

Kuna mwizi mwingine anafanana na tobo hadi mafundi wanachanganyikiwa: kapilari imeziba. Hapo pia kompresa inalia na hakuna baridi, na gesi yote iko ndani. Ukijaza gesi juu ya hiyo unaongeza shida. Kama ni unyevu ndio umeganda kwa mdomo wa kapilari, friza inagandisha, inakataa, ukiizima iyeyuke inafanya tena poa, halafu inakataa. Hiyo tabia ya kuja na kuenda haifanani na ya tobo, yenye inazidi kuharibika mosmos bila kurudi nyuma. Fundi akizima kompresa na geji zikiwa zimeshikishwa, presha ya pande mbili inafaa isawazike baada ya dakika chache. Ikikawia sana, kuna kizuizi.

Sasa, hizo tobo hutoka wapi? Nyingi zinatoka kwa kisu, na hapa nasema na uchungu. Samaki imeshikana na ukuta, mteja anangoja, msee anachukua kisu ama bisibisi anachimba barafu. Ndani ya friza nyingi evapereta ni aluminiamu laini, na kwa zile zenye rafu za paipu iko wazi kabisa. Pigo moja tu unaskia "ssss", na friza imedungwa. Mathe wangu, nakusihi: barafu isiguswe na chuma. Zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji moto ndani, subiri. Kulaza friza kwa masaa ni nafuu kuliko kuizika.

Chumvi ndio adui mwingine. Maji ya samaki yakikaa chini ya friza karibu na shimo la kutolea maji, chuma inakulwa polepole. Kuna pia paipu nyembamba ya moto inazunguka ukingo wa mlango ndio usitokwe na jasho. Kwa friza zingine hiyo ni ya chuma, na ikipata kutu ndani ya foamu huioni kamwe.

Kabla mtu yeyote aguse mtungi, soma ile sahani ya kompresa ama stika ya nyuma. Ikiandikwa R134a, hiyo gesi haishiki moto, lakini ikiachiliwa hewani inapasha dunia joto. Gramu 100 zake ni kama kilo 143 za kaboni dayoksaidi. Ndio maana mwaka wa 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo kwa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za familia hiyo. Fundi akiimwaga "psss" nje ya keja yako, anaharibu kitu inatuhusu sisi wote.

Ikiandikwa R600a, hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Friza nyingi mpya ziko nayo. Ni kidogo, mara nyingi gramu 30 hadi 70, lakini gramu 60 zikitoka zote zinakuwa kama lita 25 za gesi nzito kuliko hewa, na inashuka chini, pale jiko hukaa. Ukiskia ile "ssss" ndani ya keja ya rum moja, usiwashe nare, usiguse swichi yoyote, zima jiko, fungua mlango na dirisha, toa watoi nje, acha hewa ipite. Na fundi asilete moto wa kuweld kabla hiyo gesi itolewe yote na njia isafishwe na nitrojeni. Wenye wamesomea wanatumia jointi za kubana bila moto.

Kutafuta tobo yenyewe kuna utaratibu. Povu la sabuni ni noma kwa kazi hii, lakini si friza ikiwa inawaka. Upande wa kunyonya wa R600a uko kwa vakiumu ikilia, kwa hivyo povu haliwezi kufura, linavutwa ndani. Lazima friza izimwe, iwekwe presha ya nitrojeni kupitia regyuleta, karibu bar 10, ndio povu lipakwe kila jointi. Oksijeni isikaribie kabisa, juu ikikutana na mafuta ya kompresa kwa presha inalipuka. Povu lisipoonyesha kitu, fundi mzuri anakata njia mara mbili, anapima upande wa kondensa peke yake na upande wa evapereta peke yake, anaacha geji ikae. Penye sindano inashuka ndipo kuna tobo, ata kama imejificha kwa foamu.

Ikishapatikana na kuzibwa, mambo tatu usikubali ziachwe. Draya mpya, juu ile ya zamani imekunywa unyevu. Vakiumu kwa pampu, nusu saa au zaidi, si kupuliza gesi kidogo ndio hewa itoke. Na gesi ipimwe kwa mizani hadi gramu za kwa sahani. Kwa mfumo wa gramu 50, kukosea kwa gramu 10 kunaonekana kwa baridi. Mwenye anakisia kwa kuskiza sauti ama kugusa paipu, mwambie asante, aende. Mwenye anataka kuweka R134a kwa kompresa ya R600a, ama gesi ya mtungi wa kupika, naye vilevile.

Kama tobo iko nje, kwa jointi ama draya, tengeneza bila kufikiria mara mbili. Kama iko ndani ya foamu upande wa kondensa, inawezekana kufunga kondensa mpya nje na kuacha ile ya zamani. Kama evapereta imejifia ndani ya ukuta na friza yenyewe ni mtumba wa miaka mob, verdikti yangu ni moja: usitupe doh hapo. Uza kompresa kwa skrepu, sanduku libaki la kuhifadhia barafu.

Na wewe dogo wa mtaa unasaka kazi ya mikono, sikiza. NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, ina mitihani ya mafundi, gredi ya 3 hadi ya 1, na friza za hapa kwetu hazitaisha kuharibika. Mbogi wenu ikichanga pampu ya vakiumu, mizani na chupa ya nitrojeni, mathe wa samaki hatawahi lipa gesi mara mbili tena, na atawatumia majirani wake wote. Anzeni.