Siku ya Mwanafunzi Ndiyo Kitabu cha Kwanza cha Afya



Ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari wa kwetu, "Tulinde afya namna gani?", atakujibu bila kusitasita: kunawa mikono, kuchemsha maji, kulala ndani ya musikitere. Atapata pointi zake zote. Halafu atarudi nyumbani katika vumbi la malori, atakuta magunia ya mawe chini ya kitanda, na maneno aliyoyaandika katika daftari yatabaki katika daftari. Juu ya jambo hilo nataka tuzungumze mwezi huu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa namna hiyo. Shule moja iliniomba nisaidie somo la elimu ya maisha, saa moja kila juma, kalasi ya tano. Nilikwenda na daftari langu la zamani la Shule ya Biblia. Siku moja nikamkuta kijana amelala juu ya meza. Nikamgombeza mbele ya wenzake. Akaamka, akasema kwa upole:

"Munisamehe, Pastere. Tangu siku ya posho niko ku mashimo, natafuta minervali. Lakini niko na ulizo. Kule tunaosha mawe mu mutoni, na chini kidogo bamama banateka maji. Tukitokosha ile maji, sumu ya mawe inatoka?"

Nikamjibu haraka: "Inatoka, mwanangu. Moto unamaliza yote."

Ndugu msomaji, nilimdanganya. Sikukusudia, lakini nilimdanganya. Jioni nilimsimulia mama mmoja wa kanisa letu aliye enfirmie. Akatikisa kichwa: "Hapana, Pastere. Moto inaua vidudu, kama vya kolera. Shaba na kobalti haziko vidudu. Ukitokosha, maji inapunguka, lakini metali inabakia mule mule."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifikiri juu ya nyumba ngapi jibu langu limekwisha kuingia. Juma lililofuata nikasimama mbele ya kalasi, nikasema: "Niliwafundisha kosa. Leo nakuja kulisahihisha." Wote wakanyamaza. Tena nikamwomba yule kijana msamaha, kwa sababu nilimgombeza mbele ya watu bila kuuliza kwanza. Tangu siku ile wanafunzi walianza kuniuliza maswali ya kweli, si yale ya kutafuta pointi.

Nikaweka daftari langu pembeni. Nikawapa kazi hii: "Andikeni siku yenu nzima, tangu kuamka mpaka kulala. Munashika nini? Munakunywa maji ya wapi? Munavuta hewa ya namna gani?" Walileta mambo ambayo kitabu changu hakikuyajua. Mama anafagia asubuhi, mtoto mchanga yuko kwenye mkeka katikati ya vumbi. Kaka anapondaponda mawe uani, karibu na sufuria ya sombe. Baba anarudi kutoka kazi na kumbeba mtoto, nguo zikiwa zingali na vumbi. Wote wanakaa kula bukari, wengine wamepangusa mikono kwenye suruali tu.

Mtu asiseme Mchungaji anatia watu hofu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyushia mawe walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo wao. Tena mwaka 2018 walitoa habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo tangu 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Walipima watu 72, na kati yao watoto 32. Watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti karibu mara kumi kuliko watoto wa mahali pengine. Wengi wa watoto hao hawakushika sururu. Vumbi liliwafuata nyumbani.

Haya ndiyo tuliyopatana katika kalasi, na kila mwanafunzi aliyapeleka kwao:

1. Maji ya kunywa tusiyateke chini ya mahali pa kuoshea mawe. Kuchemsha ni lazima juu ya kolera, lakini hakuondoi metali.

2. Kabla ya kufagia, tunyunyize maji. Sakafu ya simenti tuipanguse kwa kitambaa chenye maji.

3. Mawe yasilale ndani ya nyumba, wala yasipondwe uani. Kitambaa puani kinazuia vumbi kubwa kidogo tu. Lile jembamba kabisa linapita.

4. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kushika bukari. Lengalenga na matembele tuyaoshe mara nyingi.

5. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe mbali na nguo za watoto.

6. Kikohozi kikipita majuma mawili, tusiseme "ni vumbi tu." Vumbi la mawe linadhoofisha mapafu, na kifua kikuu kinapata njia. Twende tukapimwe. Kifua kikuu kinapona, lakini dawa yake ni ya miezi, kwa kawaida sita, bila kuiacha njiani.

Na yule kijana? Mwili uliochoka hausikii fundisho, hata likiwa zuri namna gani. Sheria ya nchi inakataza watoto kufanya kazi ya kuchimba, lakini sheria hailipi minervali. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 yalikuwa ya shule ya msingi. Kwa hiyo tulikwenda na baba yake kwa kamati ya wazazi, wakakubali alipe kwa vipande vitatu. Katika juma sasa analala nyumbani. Katika likizo bado anakwenda ku mashimo, na mimi bado namwomba Mungu juu yake. Sikupata ushindi wote, na sitaki kuwadanganya mara ya pili.

Wazazi, walimu hawawezi peke yao. Mtoto akileta fundisho la afya nyumbani, musimjibu, "Wewe mutoto, unajua nini?" Mumsikilize. Pengine ameleta uzima wa mdogo wake.

Ya kuzungumza katika jamaa jioni hii:

– Maji yetu yanatoka wapi, na juu ya mto kuna kazi gani?

– Nani anakohoa katika nyumba hii, tangu lini?

– Mtoto wetu wa sekondari analala saa ngapi, na kwa nini?