Fahamu: Ukianguka ndani ya Mshtarii

Usitarajie kishindo. Mshtarii haina ardhi ya kutua: ni haidrojeni na heliamu, zinazozidi kusongamana kadiri unavyozama.

Kipo kilichokwisha kuionja safari hiyo. Tarehe 7 Desemba 1995, kifaa kilichopelekwa na chombo cha Galileo cha NASA kiliivamia anga yake kwa kasi ya kilomita 170,000 hivi kwa saa. Ngao ya joto ikaungua na kulika, parachuti ikafunguka, kikashuka huku upepo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa ukikisukuma. Baada ya dakika 58, kimya. Joto lilishafika nyuzi 150 hivi, mgandamizo mara 22 ya wa hapa kwetu. Na hapo, jamani, kilikuwa hakijashuka hata kilomita 200, kati ya 70,000 za kufikia kitovu.