Ukienda Kutafuta "Mali ya Mjerumani" Peke Yako, Nani Anajua Ulipo?

Leo naweka viazi na kabichi pembeni kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Julai, na najua linawahusu wengi wenu kuliko mnavyopenda kukiri: zile mashine za kupimia madini.

Bei ya kabichi ilipoanguka, kijana mmoja ninayemtembelea shambani (jina nalihifadhi) aliazima mashine, akapanda nayo korongoni juu ya shamba la babu yake. Hakumwambia mtu. Mashine ikalia. Kwenye nusu mita akakuta jembe kuukuu lililoliwa na kutu. Badala ya kurudi nyumbani, akaamini jembe ni alama tu, mali yenyewe iko chini yake. Akaendelea mpaka shimo likamfika kifuani. Jioni ukuta mmoja ukaporomoka, ukambana miguu hadi kiunoni. Simu ilikuwa kwenye koti, koti limetundikwa mtini. Ukungu ukashuka. Alilala humo usiku kucha, na mnajua baridi ya Magamba mwezi wa saba. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akasikia mtu anaguna. Kijana yupo hai, ila mguu wa kushoto hadi leo anauburuza.

Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Afisa, kilichoniponza ni kuficha. Niliogopa wakijua watataka mgao."

Hapo ndipo penye somo la leo.

Kwa nini hadithi hizi haziishi

Zina mizizi. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na walowezi wa Kijerumani walikuwa na mashamba huku juu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia, waliondoka kwa haraka. Miaka ya 1920 wengine waliruhusiwa kurudi, halafu vita ya 1939 ikawaondoa tena. Watu wakihama mbio mara mbili ndani ya miaka isiyofika 30, hadithi za sanduku lililofukiwa lazima ziwepo.

Rupia za fedha na heller za shaba huokotwa kweli mara mojamoja. Hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ipo, lakini ile ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, mbali na hapa. Kwa hiyo simcheki mtu anayetafuta. Ninachosema ni kwamba anayekuuzia "ramani ya Mjerumani" angekuwa na uhakika nayo, asingekuuzia. Angechimba mwenyewe.

Siri ya unachotafuta baki nayo, siri ya ulipo usiwe nayo

Kabla hujatoka, mwachie mtu mmoja unayemwamini mambo manne: unakwenda upande gani, unapitia njia ipi, unarudi saa ngapi, na usiporudi afanye nini. Si lazima umwambie unatafuta nini. Mwambie, "Nipo korongo la juu, natokea kisimani, saa kumi niko nyumbani. Ikifika saa kumi na moja nipigie. Nisipopokea, njooni watu watatu na sepetu." Ukiamua kuhamia korongo jingine, tuma ujumbe kwanza. Na kama mtandao haushiki kule unakokwenda, basi usiende peke yako.

Simu ikae mwilini, mfuko wenye zipu, chaji imejaa. Vaa firimbi shingoni. Mtu aliyebanwa anachoka kupiga kelele mapema, ila firimbi anaweza kuipuliza muda mrefu.

Shimo

Mchimbaji wa peke yake asivuke magoti. Najua mtanicheka, lakini sikilizeni. Mashine nyingi za bei ndogo hazioni sarafu iliyo chini zaidi ya sentimita 20 hadi 30. Mlio ukipotea baada ya kutoa kitu, kazi imekwisha hapo. Zaidi ya hapo unachimba matumaini.

Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa unazidi. Hakuna kifua kinachobeba mzigo huo. Kwa hiyo udongo uliotoa umwage angalau mita moja kutoka ukingoni, usichimbe kuingia ndani ya ngema kama panya, na Masika na Vuli acha kabisa mteremko. Mapango na mashimo ya zamani usiingie, maana hewa ya humo inaweza kukuangusha kabla hujajua kuna tatizo.

Ukimkuta mwenzako amefukiwa, piteni upande ambao haujaporomoka na msiingie wote. Fukueni uso na kifua kwanza ili apumue. Msimvute kwa kamba. Ondoeni udongo taratibu, huku mmoja akitafuta gari la kumfikisha hospitali.

Halafu wewe mkulima unajua: shimo lililoachwa wazi juu ya makinga maji ndilo korongo la mwaka kesho. Na kabla ya mwaka kesho kuna ng'ombe na watoto wanaopita. Lifukie.

Masikio na macho

Hedifoni zinakufanya kiziwi. Unasikia mlio wa mashine, lakini husikii tawi linalokatika, nyuki, wala mtu anayekuja nyuma yako. Vaa upande mmoja tu. Kila baada ya hatua chache inua macho uangalie ulikotoka, maana mtu anayetazama ardhi hupotea hata karibu na kwao.

Vaa gambuti na glavu. Usiingize mkono kwenye shimo au chini ya jiwe usilolionea ndani. Ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa, usikitumie kiungo kilichoumwa, piga simu watu waje kukubeba, na nenda hospitali moja kwa moja.

Ukungu ukianza kushuka, funga kazi, hata kama mashine inalia. Radi ikisikika, weka mashine chini na utoke kileleni na chini ya mti mrefu. Beba sweta na koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka. Mtu aliyelowa anaanza kutetemeka, kisha maneno yanamkwama, kisha anataka kulala. Akifika hapo, peke yake hajiokoi.

Mlio hausemi ni kitu gani

Mashine inakwambia kuna chuma, basi. Kinaweza kuwa msumari, bomba la maji la jirani, au risasi na bomu la zamani. Ukiona kitu kama chupa nene ya chuma chenye kutu, usikigonge wala usikisogeze. Weka alama ukiwa mbali nacho na uwaarifu polisi. Namba ya dharura ni 112.

Watu na sheria

Usiende usiku, na usikaribie makaburi. Kijana mwenye tochi na sururu usiku anaweza kuitwa mwizi, na kelele ya "mwizi" haingoji maelezo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na mwenyekiti wa kitongoji ajue upo.

Msitu wa hifadhi wa Magamba upo chini ya TFS. Kuingia na kuchimba humo bila kibali ni kosa. Madini yoyote yana leseni yake kutoka Tume ya Madini, hata kama yako chini ya viazi vyako. Na kuchimba vitu vya kale kunahitaji kibali cha Mambo ya Kale. Anayechimba bila vibali hujificha, na anayejificha, akifukiwa hakuna wa kumtafuta.

Mwisho

Mashine yenyewe siichukii. Ukitaka kujenga kitalu au kulima kwa pawatila penye mahame, ipitishe kwanza. Misumari na nyaya utakazotoa zitakuokolea meno ya pawatila na miguu ya vibarua.

Na kama ni mali ya Mjerumani, moja ilibaki wazi juu ya ardhi: mwaka 1896 walianzisha shamba la majaribio Kwai, wakijaribu mazao na mifugo ya kwao kwenye baridi yetu hii. Yule kijana wangu amerudi kwenye karoti, robo eka, anapalilia akiwa ameketi. Mama yake ananiambia kila akitoka sasa anaaga.

Nawe aga. Wiki ijayo tunarudi kwenye ukungu ule mwingine, wa viazi.