Safari ya Wiski (3): Mapipa ya Port Ellen

Wiki iliyopita tuliiacha pombe yetu ya kimea ikitoka kwenye mitambo ya shaba, kali na haina rangi, kama gongo. Leo tuifuate hadi ndani ya pipa, na tuifuatie Port Ellen, kiwanda kilichoko kisiwa cha Islay, Uskoti.

Kilianzishwa mwaka 1825, kikafungwa 1929, kikafunguliwa 1967, kisha kikafungwa tena 1983. Ubora wa wiski yake haukuwa na kosa lolote. Maghala ya Uskoti yalikuwa yamefurika kuliko mahitaji ya wanywaji, na kampuni ya DCL ilikuwa na viwanda vitatu hapo kisiwani. Lagavulin na Caol Ila vikabakizwa, Port Ellen kikazimwa. Waliolia ni wachache, maana wiski yake nyingi ilikuwa ikichanganywa na nyingine, na jina lake halikuonekana kwenye chupa.

Yakabaki mapipa. Wiski huzeekea ndani ya mbao tu. Ikishatiwa kwenye chupa haiongezi umri, hata uifungie kabatini miaka 50. Pipani hunyonya rangi na ladha ya mwaloni, huku yenyewe ikipotea hewani kidogo kidogo kupitia mbao. Waskoti huliita hilo fungu la malaika, nao hulikadiria kuwa asilimia 2 kwa mwaka. Piga hesabu: pipa la lita 200 likikaa miaka 30 hubaki na lita 110 hivi. Ukali nao hushuka, na kinywaji kikiwa na kileo chini ya asilimia 40, sheria hairuhusu kiuzwe kwa jina la wiski. Mbao nazo zikizidi, wiski huwa chungu ikakausha ulimi. Ndiyo maana wenye ghala hawachoki kupima na kuonja.

Kampuni ya Diageo, iliyoyarithi mapipa hayo, ilianza kuyauza mwaka 2001, toleo moja kila mwaka. Toleo la 17, la mwaka 2017, lilikuwa na umri wa miaka 37. Wanunuzi husema wanalipia moshi wake. Mimi nina shaka. Moshi huo hutokana na udongo mweusi wa vinamasi, unaokatwa, kuanikwa na kuchomwa ili kukausha kimea. Kiwanda cha kimea kilichojengwa hapo jirani mwaka 1973 kiliendelea na kazi, kikiviuzia viwanda vingine vya Islay. Mwenye hamu ya moshi ataupata kwa bei nafuu zaidi. Kinacholipiwa hapa ni uhaba: kila chupa inayofunguliwa haina mbadala.

Machi 2024 Port Ellen kikawashwa upya. Kinachotoka mitamboni sasa kitakaa pipani angalau miaka 3 kabla ya kuitwa wiski, na anayetaka ya miaka 37 asubiri hadi 2061.

Wiki ijayo tutayaangalia mapipa yenyewe, na kwa nini mengi yake huanza kwa kubeba pombe ya Marekani au Hispania.