Malighafi ya nani? Ushuru wa mafuta ghafi na vinu vya alizeti

Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, mkoa wa jirani, Singida, alizeti inapurwa. Kwa mwenye kinu, mstari mmoja wa hotuba ile, unaotaja ushuru wa mafuta ya mawese, unatosha kumgeuzia msimu mzima.

Ingia kwenye kinu kidogo msimu ukiwa umepamba moto. Magunia yamefika darini, mashine inanguruma. Upande huu yanachuruzika mafuta ya rangi ya dhahabu, upande ule yanatoka mashudu ya moto ambayo wafugaji wanayasubiri. Nje, madumu ya lita 20 yamepangwa kando ya barabara kuu. Malighafi ya hapa ni mbegu iliyolimwa vijiji vya karibu. Malighafi ya viwanda vikubwa vya Dar es Salaam inashushwa bandarini: mawese ghafi kutoka Malaysia na Indonesia. Wote ni wazalishaji wa ndani, wote wameajiri Watanzania, na ushuru unaomkinga mmoja unampandishia mwenzake gharama.

Kanuni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwamba malighafi huingia kwa asilimia 0, bidhaa ambazo hazijakamilika asilimia 10, na zilizokamilika 25 au, tangu Julai 2022, 35. Tanzania iliomba kwenda kinyume: bajeti ya 2018/19 iliyapandisha mafuta ghafi hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi 35. Pengo hilo la pointi 10 ndilo pumzi ya mwenye kiwanda cha kusafisha.

Chukua shehena ya mafuta ghafi yenye thamani ya shilingi milioni 100 kufika bandarini. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni milioni 25. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 125, yaani milioni 22.5 nyingine. VAT mwenye kiwanda ataidai akishauza. Ushuru haurudi, unaishia kwenye bei ya dumu analonunua mama lishe.

Hata hivyo mimi nasimama na ushuru. Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kwa wiki zaidi ya tatu, na nchi inayotegemea meli kwa kikaango chake haikuhitaji somo jingine. Kinachoniuma ni muda. Ruhusa ya kutoza kiwango tofauti na cha Jumuiya hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mkulima anapanda Desemba au Januari, anavuna Juni, na bei yake inaamuliwa mazao yakiwa tayari ghalani. Hakuna benki itakayokopesha mtambo wa miaka 10 kwa kutegemea ushuru wa miezi 12.

Kiwango kikitangazwa kwa miaka mitano, hata kama kitakuwa kinashuka kidogo kidogo, mwenye kinu wa Singida atapata cha kumwonyesha meneja wa benki, na mkulima atanunua mbegu chotara Novemba badala ya kurudia ile aliyobakiza msimu uliopita.