Muhogo Kinzani Unapozidiwa

Ukipita mashamba ya muhogo ya Kibaha na Kisarawe, unaweza kukuta mashina mawili jirani: moja majani yake ni kijani kibichi, la pili lina mabaka ya njano, majani yamejikunja na kudumaa. Hilo la pili lina ugonjwa wa batobato. Mkulima humlaumu nzi mweupe, na hakosei, maana ndiye mbeba kirusi. Lakini mbona wakati mwingine hata mbegu kinzani huzidiwa?

Sehemu ya jibu imo kwenye vipande vya DNA, na ili kuvielewa tuanzie kwenye mahindi. Miaka ya 1940 Barbara McClintock wa Marekani alichunguza punje zenye madoa ya zambarau, akagundua kuwa baadhi ya vipande vya DNA huhama. Kipande kikitua katikati ya jeni ya rangi, jeni huzimika na punje hukosa rangi. Kikiondoka punje ikiwa bado inakua, jeni huwaka tena kwenye seli ile na zitakazozaliwa nayo. Hapo ndipo doa hutokea. Jeni haikufa, ilizibwa tu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Leo tunajua kuwa zaidi ya asilimia 80 ya DNA ya mahindi imetokana na vipande vya namna hiyo.

Muhogo nao una kisa chake. Mwaka 2016 Mtanzania Joseph Ndunguru na wenzake walieleza vipande viwili vya DNA, SEGS-1 na SEGS-2, vilivyopatikana kwenye mihogo iliyougua vibaya mashambani Tanzania. Haviruki kama vile vya mahindi, ila vinafanana sana na sehemu za DNA ya muhogo wenyewe, na hukutwa pia vikielea peke yake nje ya kromosomu. Vilipoingizwa kwenye mmea pamoja na kirusi cha batobato, ugonjwa ulipamba moto. Kwa SEGS-1, hata TME 3, aina kinzani kutoka Afrika Magharibi, iliugua. SEGS-2 ilikutwa hadi ndani ya nzi weupe.

Kumbe ukinzani ni ngao, na ngao hutoboka. Unapokata pingili za kupanda, chukua kwenye shina lisilo na baka hata moja. Lenye batobato ling'oe mapema, hata kama uliuziwa kwa jina la mbegu kinzani.